Kutoka Kiomboi, Nairobi iko karibu kuliko Dar

Weka rula juu ya ramani ya Afrika Mashariki, ncha moja ikae Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba mkoani Singida. Pima hadi Dar es Salaam: takribani kilomita 610 kwa mstari ulionyooka. Pima hadi Nairobi: 430 hivi. Kigali ni kama 540, Kampala 550, Bujumbura 560. Miji minne ya nchi jirani, na yote iko karibu na Kiomboi kuliko jiji ambalo vijana wa Iramba wamekuwa wakilikimbilia kutafuta maisha tangu enzi za babu zao.

Itaje hesabu hii stendi ya Kiomboi, watakubishia, na wana haki ya kubisha. Mstari wa Nairobi unakatiza Ziwa Eyasi, unapita nyanda za Ngorongoro na kuchungulia Ziwa Natron kabla ya kuingia Kenya. Basi haliwezi kupita huko. Msafiri wa Nairobi atazunguka Singida mjini, Babati, Arusha, kisha Namanga, na hiyo 430 ya kwenye rula haitamsaidia kitu.

Wenzetu wa Ulaya wana mazoea ya kuuliza umbali kati ya jiji na jiji na kupewa majibu mawili kwa pamoja: kilomita kadhaa, na saa kadhaa za ndege. Paris na Milan zimeachana kwa kilomita 640 hivi, zaidi kidogo ya Kiomboi na Dar, na tiketi ya ndege huandika saa moja na nusu, ikizidi hapo si kwa mengi. Kwao majibu hayo mawili huenda sambamba kwa sababu ndege ipo, uwanja upo, na treni ya kumfikisha mtu uwanjani ipo. Iramba haina kiwanja cha ndege za ratiba. Kwa hiyo mtu wa Kiomboi haulizi kilomita. Anauliza: nikitoka alfajiri, nitafika saa ngapi? Naamini hilo ndilo swali sahihi, na kwamba kila mradi wa reli, barabara na uwanja wa ndege unaotangazwa nchini ungepaswa kulijibu hilo kabla ya jingine lolote.

Tuanze na kilomita zenyewe, maana nazo zina hadithi.

Mwaka 1792 Wafaransa wawili, Jean-Baptiste Delambre na Pierre Méchain, walitumwa kupima mstari kati ya miji miwili ya Ulaya: Dunkirk kaskazini mwa Ufaransa na Barcelona nchini Hispania. Walikwenda kwa pembe na minara ya makanisa, katikati ya mapinduzi na vita, wakashukiwa ujasusi, wakakamatwa na kuachiwa, na kazi ikawachukua miaka sita hadi saba. Shabaha ilikuwa kujua urefu wa robo ya mzingo wa dunia, kutoka ncha ya kaskazini hadi ikweta, kisha kuugawanya mara milioni kumi ili kupata mita moja. Kila kibao cha kilomita kilichosimama kando ya barabara ya Singida ni mtoto wa kazi ile.

Kwa kuwa robo hiyo ya dunia ni kilomita 10,000 na ina nyuzi 90, kila nyuzi ya latitudo ina kilomita 111. Vizazi vya wanafunzi wa sekondari nchini vimekutana na hesabu hii katika mada ya dunia kama tufe, ile ya meli inayosafiri kwa noti kadhaa kutoka mji P kwenda mji Q, na wengi wameihesabu kuwa mada ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Lakini ina kazi hapa hapa Iramba. Kiomboi iko karibu nyuzi 4 na dakika 16 kusini mwa ikweta, na nyuzi 34 na dakika 22 mashariki. Dar es Salaam iko nyuzi 6 na dakika 49 kusini, na nyuzi 39 na dakika 17 mashariki. Tofauti ya kusini ni nyuzi 2.55, yaani kilomita 283. Tofauti ya mashariki ni nyuzi 4.92, yaani kilomita 543 au 544 hivi. Zipatie Pithagorasi: 283 kwa kipeo cha pili, jumlisha 543 kwa kipeo cha pili, tafuta kipeuo cha pili. Inatoka 612.

Sisi tunaweza kufanya hivyo kwa kalamu na karatasi kwa sababu tunakaa jirani na ikweta, ambako mistari ya longitudo haijaanza kubanana. Mwanafunzi wa Oslo hawezi. Kule kwenye nyuzi 60 kaskazini, nyuzi moja ya kwenda mashariki imepungua hadi nusu, kilomita 55 na ushee tu. Oslo na Helsinki zimetenganishwa na nyuzi zaidi ya 14, lakini umbali wake ni kilomita 790 hivi. Nyuzi hizo hizo zikipimwa kwetu zingekaribia 1,600. Mwalimu wa hesabu Iramba ana ramani bora ya kufundishia kuliko mwenzake wa Norway, na ningependa kuona swali la Kiomboi na Dar likiwekwa ubaoni mahali pa P na Q.

Sasa saa za ndege. Mtu angedhani ni kugawanya tu. Ndege za pangaboi aina ya Q400, ambazo Air Tanzania huzitumia sana kwenye safari za ndani, huenda karibu kilomita 650 kwa saa zikishatulia angani. Kilomita 610 kwa mwendo huo hazifiki saa nzima. Lakini muda unaoandikwa kwenye tiketi huanza kuhesabiwa ndege inapoondoka kwenye maegesho na kuisha inaposimama kwenye maegesho mengine. Ndani yake kuna kutembea ardhini hadi kwenye njia ya kurukia, kusubiri zamu, kupanda, kushuka, kuzunguka kufuata mwelekeo wa upepo, na kutembea ardhini tena. Hiyo ni karibu nusu saa ambayo haipungui, uwe unakwenda karibu au mbali. Ndiyo maana London na Paris, kilomita 345 hivi tu, huandikiwa saa moja na robo. Saa za nchi nazo huchanganya: anayetoka London saa 3 asubuhi atafika Paris saa 5 na robo kwa saa ya Paris, akidhani ametumia saa mbili na zaidi, kumbe Paris iko mbele kwa saa moja. Kwetu ni vivyo hivyo ukienda Kigali, ambako saa ya ukutani iko nyuma ya Dar kwa saa moja. Na kwa anayepanda ndege mara ya kwanza, aangalie vizuri: 07:00 ya kwenye tiketi ni saa moja asubuhi, siyo saa saba mchana. Wapo walioikosa ndege kwa hilo.

Hayo ndiyo yanayotokea angani. Msafiri wa Kiomboi hukutana na mengine ardhini.

Wapo wanaopanda gari Kiomboi penyewe, na wapo wanaotangulia Misigiri, njia panda ya barabara kuu ya Singida na Nzega, kungoja mabasi yanayotoka kanda ya ziwa. Kungoja Misigiri ni kazi. Basi lililoondoka Mwanza alfajiri hufika hapo likiwa limeshamaliza zaidi ya kilomita 300, na siti zinaweza kuwepo au zisiwepo, kutegemea siku na msimu. Shule zikifungwa, basi huweza kupita bila hata kupunguza mwendo. Mama mwenye mtoto mgongoni, ndoo ya mafuta ya alizeti na kuku wawili kwenye tenga hawezi kukimbilia mlango kama kijana asiye na mzigo. Konda anatazama mzigo kwanza, kisha anataja nauli, kisha buti linafunguliwa, na yote hayo yanafanyika injini ikinguruma na dereva akipiga honi. Ukipata siti umepata safari. Usipopata, umepoteza saa mbili ambazo hakuna rula wala tiketi itakayozionyesha.

Kutoka hapo ni Singida mjini, Ikungi, Issuna, Manyoni, mteremko wa kuingia Bonde la Ufa kuelekea Kintinku, Bahi, kisha Dodoma. Ukiendelea ni Gairo, Morogoro, Chalinze, na mwisho Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi. Jumla ni takribani kilomita 800. Basi la abiria haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na kwenye vijiji na miji linashuka hadi 50. Vijiji ni vingi, na askari wa tochi wanajua pa kusimama. Halafu kuna mizani: Njuki Singida, Nala Dodoma, Mikese Morogoro, Vigwaza Pwani. Kuna kula. Kuna kuchimba dawa. Kuna abiria anayeshuka njiani ambaye mzigo wake uko chini ya mizigo ya wote. Hata kama basi lingekwenda 80 bila kugusa breki, safari ingechukua saa 10. Kwa hali halisi, saa 13 au 14 si ajabu. Ukirudisha hesabu kwenye ule mstari ulionyooka wa 610, basi linamsogeza msafiri kama kilomita 45 kila saa.

Sisemi hivi kulaumu mwendo wa 80. Barabara zetu zimeua watu wengi, na yeyote aliyewahi kupita Sekenke, mlima ulio kati ya Misigiri na Shelui, anajua historia ya malori na mabasi yaliyoishia bondeni kabla barabara ile haijajengwa upya kwa lami. Mwendo mdogo umeokoa maisha. Ninachosema ni kwamba muda wa safari hii haupungui kwa kukanyaga mafuta. Unapungua kwa kupanga.

Mfano mmoja wa kupanga tumeuona. Kwa miaka mingi mabasi ya abiria yalizuiwa kusafiri usiku. Aliyetoka mbali alilazimika kulala njiani, au kuanza safari kwa saa ambazo hazikumpa nafasi ya kuunganisha gari. Mwaka 2023 serikali iliruhusu mabasi kusafiri saa 24. Hakuna mita moja ya lami iliyoongezwa siku hiyo, lakini kwa watu wa Iramba Dar ilisogea karibu, maana sasa mtu anaweza kuondoka jioni, akalala kwenye siti, akafika asubuhi na kushughulikia jambo lake siku hiyo hiyo.

Ukiangalia nyuma utaona kwamba umbali wa Iramba umewahi kusogezwa na kurudishwa mara nyingi. Novemba 17, 1874 msafara wa Henry Morton Stanley uliondoka Bagamoyo. Haukufuata njia iliyozoeleka ya Tabora. Ulikata kaskazini ukapita Ituru na Iramba, ukatokea Kagehyi, kusini mwa ziwa kubwa, Februari 27, 1875. Zaidi ya siku 100 kwa miguu. Mwingereza kijana Edward Pocock alifia njiani Januari hiyo kwa homa. Lakini waliopungua zaidi walikuwa wapagazi na askari waliotoka Unguja na Mrima: kwa njaa, kwa homa, kwa mapigano ya Ituru, na wengine kwa kutoroka, na sehemu kubwa ya majina yao hayasomwi popote leo. Walipofika Mgongo Tembo, huku Iramba, msafara ulikuwa umekwisha kukondeana vibaya. Ule ndio uliokuwa umbali wa pwani na Iramba: ulihesabiwa kwa watu.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na ghafla pwani ikawa umbali wa siku chache kwa aliyeweza kutembea hadi Manyoni au Itigi. Kisha kikaja kipande ambacho wengi wamekisahau. Miaka ya 1930 Waingereza walijenga tawi la reli kutoka Manyoni, likapita Singida na kuendelea hadi Kinyangiri, ambayo leo iko Wilaya ya Mkalama, jirani kabisa na Kiomboi. Treni ilifika karibu na Iramba kiasi hicho. Miaka ya 1940 reli hiyo iling'olewa. Baadaye njia ya Manyoni hadi Singida ilijengwa tena, lakini Kinyangiri haikurudishiwa treni yake. Kuna vijiji vya Mkalama na Iramba ambavyo vilikuwa karibu na reli wakati wa Mwingereza kuliko vilivyo leo, zaidi ya miaka 60 baada ya uhuru. Jambo hilo lanisikitisha kila ninapoipita barabara ile.

Na huko angani, mwaka 1932 shirika la Uingereza la Imperial Airways lilianza kubeba abiria kati ya London na Cape Town, na moja ya vituo vyake ilikuwa Dodoma, kati ya Moshi na Mbeya. Safari yote ilichukua kama siku 11, ndege ikilala njiani kila usiku. Kwa hiyo ofisa wa kikoloni aliyekuwa Dodoma angeweza kuwa London ndani ya wiki moja hivi. Barua iliyotoka Iramba ilikuwa na kazi ya kufika Dodoma kwanza, na hicho ndicho kipande ambacho hakikuwa na ratiba. Karibu karne imepita na bado hicho ndicho kipande kigumu.

Mwaka 2024 jambo kubwa lilitokea. Treni ya umeme ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro mwezi Juni, ikafika Dodoma mwezi Julai, na Agosti 1 Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua rasmi. Safari ambayo kwa basi ilikuwa saa nane au tisa sasa inaishia kwenye saa tatu na nusu hivi kwa treni ya haraka. Nimewaona watu wazima wakishuka Dodoma wakitazama saa zao mara mbili.

Kwa mtu wa Kiomboi, hilo limegeuza safari nzima. Zamani Dodoma ilikuwa chini ya nusu ya njia: kilomita 340 hivi kutoka Kiomboi, na 450 zikiwa zimebaki. Ukifika Dodoma unajua kazi bado. Leo kile kipande kirefu ndicho kifupi. Kiomboi hadi Dodoma kwa basi, pamoja na kungoja na kubadilisha gari, ni saa sita au saba, karibu mara mbili ya muda wa treni kutoka Dodoma hadi Dar. Sehemu ndogo ya kilomita imekuwa sehemu kubwa ya muda. Kila saa inayookolewa sasa kwa mtu wa Iramba itaokolewa kati ya Kiomboi na Dodoma, na huko ndiko macho ya wapangaji yangepaswa kuelekea.

Hispania wamepita njia hii. Madrid na Barcelona zimeachana kwa kilomita 505 angani na 621 kwa reli, na kwa miaka mingi watu wa miji hiyo walikuwa wakipanda ndege. Tangu mwaka 1974 kulikuwa na huduma maalumu ya ndege kati yao ambayo mtu alikwenda tu na kupanda. Februari 2008 treni ya mwendo kasi ilikamilika, ikafanya safari kwa saa mbili na nusu hivi, na abiria wakahama angani kwa wingi. Ndege bado ina kasi kubwa kuliko treni. Lakini stesheni za Atocha na Sants ziko ndani ya miji, na msafiri hahitaji kutangulia saa nzima kabla. Kilichonigusa zaidi ni habari ya miji ya katikati, Zaragoza na Lleida. Treni husimama huko, na mabasi na treni ndogo za mikoa huungana nazo, ili mtu wa mji mdogo naye aingie kwenye kasi ile. Na Ufaransa, sheria iliyoanza kutumika Mei 2023 ilizuia ndege kwenye safari za ndani ambazo treni inazifanya chini ya saa mbili na nusu, kwa mfano kati ya uwanja wa Orly na Nantes, Lyon au Bordeaux. Hawakuweka kikomo cha kilomita. Waliweka kikomo cha saa.

Dodoma nayo itakuwa na uwanja mkubwa wa Msalato, unaojengwa kaskazini mwa jiji, na ndege kubwa zitatua. Nitaufurahia. Ila ndege ya Dar na Dodoma inakaa angani chini ya saa moja, na ukiongeza kutangulia uwanjani na foleni ya kutoka uwanja wa Dar hadi mjini, treni inalingana nayo au inaishinda, kwa nauli ndogo zaidi. Kwa anayetoka Kiomboi, Msalato itabadilisha kidogo. Itambadilishia zaidi yule aliye Oslo au Muscat na ana mama yake mzazi Kiomboi, ambaye leo akishuka Dar bado ana siku nzima ya barabara mbele yake.

Kuhamia kwa serikali Dodoma pia kumesogeza mambo. Uamuzi ulikuwepo tangu 1973, lakini msukumo wa kuhama kweli ulianza 2016. Mstaafu wa Iramba anayefuatilia faili lake wizarani alikuwa na kilomita 610 za mstari mbele yake. Sasa ana 260. Wizara ndizo zilizosafiri, siyo yeye, na nadhani hiyo ndiyo safari iliyomsaidia kuliko zote.

Kuna watu ambao saa hizi kwao si suala la uchovu. Mgonjwa aliyepewa rufaa kutoka Hospitali ya Wilaya Kiomboi hupelekwa Singida mjini, na ikishindikana huko huenda Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma, au Muhimbili. Kwa mama mjamzito anayetoka damu, Singida mjini iko umbali wa kilomita mia hivi, na kila kijiji cha bonde la Wembere kina kilomita zake za kuongeza kabla ya kufika hata Kiomboi. Ndiyo maana naupenda mfumo wa m-mama. Unapiga 115 bila malipo, anayepokea anaangalia mgonjwa yuko wapi na gari gani liko karibu, likiwa la wagonjwa au la dereva wa hapo hapo kijijini aliyesajiliwa na kulipwa kwa safari hiyo. Dereva wa kijijini hana king'ora. Anachokuwa nacho ni kwamba yuko dakika kumi kutoka mlangoni. Waliobuni mfumo huo walianza na saa ya mgonjwa, wakarudi nyuma hadi kwenye gari.

Ningetaka kuona mpango wa namna hiyo kwenye safari za kawaida. Tuchukue abiria anayeondoka Kiomboi saa 12 alfajiri. Mambo yakienda vizuri, yuko Dodoma saa 6 au saa 7 mchana. Basi linamshusha stendi, stesheni ya SGR iko pengine, kwa hiyo anatafuta bajaji. Tiketi ya treni inataka ikatwe mapema, lakini huwezi kukata tiketi ya saa 8 wakati hujui kama Misigiri utapata siti. Ukikata na basi likachelewa kwenye mizani, treni haikungoji. Basi wengi wanaona heri wabaki kwenye basi hadi Dar, wakiitazama treni ikiwapita. Uwekezaji wa matrilioni unapishana na abiria wake kwa sababu ratiba mbili hazijawahi kukaa meza moja.

Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) ndiyo inayotoa ratiba na leseni za mabasi, na Shirika la Reli Tanzania (TRC) ndilo lenye treni. Mabasi machache ya Singida, Iramba na Mkalama yaliyopangiwa kufika Dodoma saa moja kabla ya treni, yakimshusha abiria mlangoni mwa stesheni, na tiketi moja inayomhakikishia siti kwenye treni inayofuata endapo basi litachelewa, vingeokoa saa nyingi kuliko lami yoyote mpya. Wanaouza tiketi za mabasi kwa simu wapo, wanaouza za treni kwa simu wapo.

Na kuna Manyoni. Kipande cha SGR kinachojengwa kutoka Makutupora, ndani ya mkoa huu wa Singida, kwenda Tabora kinapita hapo. Kutoka Kiomboi hadi Manyoni ni kilomita 220 hivi, saa nne kwa basi. Kutoka Manyoni treni ya kasi ile ingefika Dodoma kwa saa moja au zaidi kidogo, na Dar kwa nyingine tatu na nusu. Ukiongeza saa moja ya kuunganisha, mtu anafika Dar kwa saa tisa au kumi mahali pa 14. Ili hilo litokee, treni za haraka zipangiwe kusimama Manyoni, stendi ya mabasi ya Singida na Iramba ijengwe ukutani mwa stesheni, na iwe na kivuli, vyoo na mahali pa kupokelea mizigo ya yule mama wa ndoo ya alizeti. Maamuzi hayo hufanywa wakati michoro ingali mezani. Halmashauri za Iramba, Mkalama, Ikungi na Manyoni zina madiwani na wabunge. Wabebe hesabu hii ya saa waipeleke Dodoma mwaka huu, kabla ujenzi haujakamilika.